Soma Ubao Kabla Hujaona X: Namna ya Kupata Ajenda za Vikao na Matangazo ya Mtaa Unaoishi

Wengi wetu tuliingia ofisi ya serikali ya mtaa kwa mara ya kwanza kwa sababu moja tu: muhuri. Fomu ya Bodi ya Mikopo ilidai sahihi ya kiongozi wa mtaa au kijiji, ukaenda na bahasha yako, ukakaa kwenye benchi, ukagongewa, ukasepa. Ukutani, juu ya benchi lile lile, kulikuwa na ubao wenye karatasi kibao. Nani alizisoma?

Lipo tangazo moja ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam analielewa hata kama hajui kusoma: alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba. Mwaka 2017 watu wa Kimara mpaka Kiluvya waliziona alama hizo, na nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro zikabomolewa kupisha upanuzi. Kazi ile ilikuwa ya TANROADS, si ya halmashauri, na ina historia yake ndefu. Ila inatufundisha kitu: X ni tangazo la mwisho. Likifika ukutani, kilichobaki kujadili ni kidogo. Matangazo ya mwanzo hayana rangi wala kelele. Ni karatasi ya A4 kwenye ubao, au mstari mmoja ndani ya ajenda ya kikao ambacho hukujua kama kipo. Makala hii inaeleza yanapatikana wapi, yanasomwaje, na ufanye nini ukikuta ubao ni mtupu.

Kwanza, ujue uko wapi

Kosa la kwanza ni kwenda kuuliza kwenye ofisi isiyokuhusu. Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, na manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Februari 2021 iliyokuwa Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, na Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji. Kwa hiyo ukisikia "Jiji" leo, maana yake ni eneo la Ilala, si mkoa mzima.

Mipaka hii inachanganya sana wapangaji. Anayekaa hosteli za Mabibo au amepanga Sinza yuko Ubungo. Mshkaji wake wa Kijitonyama, mwendo wa kutembea tu kwa miguu, yuko Kinondoni. Wa Toangoma yuko Temeke, wa Kibada yuko Kigamboni. Ada mnazolipa, diwani wenu na ubao wenu wa matangazo ni vitu tofauti.

Ukishaijua halmashauri, tafuta kata na mtaa. Na "mtaa" hapa si barabara inayopita mbele ya geto lako. Ni eneo la kiutawala lenye ofisi, mwenyekiti na mtendaji. Muulize mwenye nyumba, au muuza duka aliyekaa hapo siku nyingi. Swali ni jepesi: "Hapa tuko mtaa gani, na ofisi ya serikali ya mtaa iko wapi?"

Ngazi tatu, mbao tatu

Ngazi ya chini ni mtaa. Una mwenyekiti na wajumbe waliochaguliwa na wakazi (mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024), na una Afisa Mtendaji wa Mtaa, ambaye ni mwajiriwa. Usimchanganye na balozi wa nyumba kumi. Huyo ni kiongozi wa shina la chama, hana ubao wa serikali. Mtendaji ndiye katibu wa vikao, kwa hiyo ajenda na mihtasari iko kwake. Mkutano Mkuu wa Mtaa ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18. Soma tena: wakazi, si wenye nyumba. Ukiwa umepanga chumba kimoja Yombo au Bunju na ndipo unapoishi, mkutano ni wako pia.

Tangazo la mkutano wa mtaa mara nyingi hubandikwa ofisini, kwenye nguzo ya umeme na dukani. Wakati mwingine husomwa msikitini na kanisani, au hupita bajaji yenye spika. Siku hizi mitaa mingi ina kundi la WhatsApp. Omba kuunganishwa, ila usilitegemee peke yake. Kwenye kundi, tangazo la mkutano linazikwa na "Habari za asubuhi" mia mbili.

Ngazi ya pili ni kata. Hapa kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo watumishi wengi huiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Mtaa ukiomba madarasa, kivuko au taa za barabarani, ombi linapita hapa kabla halijaenda juu. Ubao wa kata ndio wenye utajiri zaidi kwa kijana: mikopo ya vikundi, kazi za muda, orodha za majina ya kuhakiki.

Ngazi ya tatu ni halmashauri yenyewe. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya baraza, mambo huchujwa kwenye kamati za kudumu: Fedha na Uongozi, Uchumi, Afya na Elimu, Mipango Miji na Mazingira. Anayesubiri baraza ndipo aanze kufuatilia ameshachelewa kidogo, maana kazi kubwa ilifanyika kwenye kamati. Ndiyo maana diwani wako ni mtu wa kupigiwa simu kabla ya kikao, si baada.

Halmashauri zote tano zina tovuti za serikali, na muundo wake unafanana. Ukifungua, usiishie kwenye picha za viongozi wakikagua miradi. Tafuta sehemu tatu: "Matangazo", "Machapisho" na "Madiwani". Kwenye Machapisho ndiko kunakokaa sheria ndogo, fomu, bajeti na mikataba ya huduma kwa mteja. Chini ya Madiwani huwa kuna orodha ya madiwani na kamati za kudumu, na mahali pa ratiba ya vikao. Sehemu nyingine hukuta zimejazwa vizuri, nyingine zina tangazo la miaka miwili iliyopita. Ukiona hivyo, kumbuka tovuti ni ubao mmoja tu kati ya mbao kadhaa.

Ajenda inasomwaje

Ajenda za vikao vyetu zina sura moja, iwe ni mtaa au manispaa: kufungua kikao, kuridhia ajenda, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo na muhtasari, taarifa mbalimbali, mengineyo, kufunga. Inaonekana kavu kama mchuzi wa maji. Ila kuna vipengele vitatu ambavyo mwanafunzi makini hapaswi kuviruka.

Cha kwanza ni yatokanayo. Hapa kikao kinajiuliza: tuliahidi nini mara iliyopita, na kimefikia wapi? Kama mtaro wa mtaa wenu ulijadiliwa kikao kilichopita, utatajwa hapa. Kama hautajwi, umepata swali la kuuliza, na ni swali ambalo halihitaji ugomvi: "Mheshimiwa mwenyekiti, kwenye muhtasari uliopita tulikubaliana kuhusu mtaro. Mbona haumo kwenye yatokanayo?" Swali la namna hiyo lina nguvu kuliko malalamiko ya nusu saa, kwa sababu linasimama juu ya karatasi yao wenyewe.

Cha pili ni taarifa ya mapato na matumizi. Kwenye mtaa, hii ndiyo sehemu ya kusikia michango ya ulinzi shirikishi imekusanywa kiasi gani na imekwenda wapi. Sisi wa ualimu tunaijua karatasi hii kutoka upande mwingine: shule za umma nazo hutakiwa kuweka wazi fedha zilizopokelewa, na ukienda mazoezi ya kufundisha, jicho lako likitua kwenye ubao wa shule unaweza kuikuta. Jifunze kuisoma ukiwa bado chuoni. Kesho utakuwa mwalimu, na wewe ndiye utakayetakiwa kuibandika.

Cha tatu ni mengineyo. Jina lake ni la kinyonge, lakini jambo ambalo halikuandaliwa karatasi huingilia hapo, watu wakiwa wameshachoka na wengine wameondoka. Kaa mpaka mwisho.

Baraza la Madiwani lina mambo ya ziada. Kwa kawaida siku moja hutumika kusikiliza taarifa za kata, diwani mmoja mmoja, na siku nyingine kupokea taarifa za kamati. Ukitaka kujua kata yako inasemwaje mbele ya wenzake, nenda siku ya taarifa za kata.

Matangazo yenye tarehe ya mwisho

Tangazo lisilo na tarehe unaweza kulisoma kesho. Lenye tarehe ya mwisho ndilo linalogharimu. Haya ni baadhi yanayotuhusu.

*Mikopo ya asilimia kumi.* Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 ukiwa na masharti mapya. Inatolewa kwa vikundi, na kikundi hakisajiliwi kwa siku moja. Ukiona tangazo leo na mwisho ni Ijumaa, huna kikundi, huna katiba ya kikundi, huna akaunti, basi umekwisha. Anayepita kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata mapema, kabla ya tangazo, ndiye anayekuta amejiandaa.

*Kazi za muda.* Kwenye uchaguzi, nafasi za makarani waongozaji na wasimamizi wa vituo hutangazwa na wasimamizi wa uchaguzi katika halmashauri, na matangazo hubandikwa mpaka kwenye kata. Kwa mtu ambaye bumu limekata, hizo ni siku chache za kazi yenye posho.

*Orodha ya wapiga kura wa mtaa.* Hii iliwapata wengi mwaka 2024. Uandikishaji wa uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwenye orodha yake, tofauti na Daftari la Kudumu la Tume. Mtu alikuwa na kadi yake ya mpiga kura mfukoni akajua amemaliza. Kumbe kadi ile ni ya uchaguzi mwingine. Tangazo lilikuwepo, na siku zilikuwa kumi tu. Uchaguzi huu hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo 2029 tusirudie.

*Kusudio la kutunga sheria ndogo.* Ada ya taka, ushuru wa soko, faini ya kutupa maji machafu, vyote hivi vinakaa kwenye sheria ndogo za halmashauri. Kabla ya kuzitunga, halmashauri inatakiwa kuwatangazia wakazi kusudio lake ili wenye maoni au pingamizi walete. Baadaye hupita kwa waziri mwenye dhamana, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali, ambalo hutoka Ijumaa. Ukilalamika wakati mkusanya taka ameshasimama mlangoni, unalalamika mwishoni kabisa mwa mstari. Hata hivyo bado una haki ya kuuliza: kiwango hiki kiko kwenye sheria ndogo ipi? Na risiti ya mashine iko wapi? Kama kiwango anachotaja hakimo kwenye sheria ndogo, peleka suala hilo kwa mtendaji.

*Mabadiliko ya matumizi ya ardhi.* Mtu akitaka kugeuza kiwanja cha makazi kuwa baa, kituo cha mafuta au hosteli, hutakiwa kutangaza. Utaona kibao kwenye kiwanja na tangazo gazetini, likitaja siku za kupeleka pingamizi kwa mkurugenzi. Wapangaji wengi tunapita tukidhani ni la wenye viwanja. Muziki wa baa wa saa nane usiku hauulizi nani ana hati.

Ubao ukiwa mtupu

Tuseme ukweli. Mbao nyingine hazina kioo, mvua ya masika imeshalowanisha kila kitu. Nyingine zimefunikwa na matangazo ya waganga na madalali wa vyumba. Na kuna ofisi utauliza ajenda, ukaulizwa wewe: "Kwani wewe ni mwandishi wa habari?" Mimi nimeulizwa hivyo. Jibu ni fupi na la heshima: "Hapana, mama. Mimi ni mkazi."

Jibu hilo lina sheria nyuma yake. Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya mtu kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wanaweza kukutoza gharama ya kutoa nakala. Zipo taarifa zinazozuiliwa, kama za usalama wa taifa au faragha ya mtu. Muhtasari wa mkutano uliofanyika hadharani kuhusu mtaro si mojawapo. Ila nawe una wajibu: sheria hiyo hiyo inamwadhibu anayeipotosha taarifa aliyopewa. Ukipiga picha ukurasa mmoja ukaurusha mtandaoni bila ule wa pili, unajitafutia matatizo.

Anza kwa mdomo. Salamu kwanza, shikamoo haipungui, halafu swali. Ikishindikana, andika barua ya nusu ukurasa, mfano hivi:

> Mkurugenzi wa Manispaa,
> Halmashauri ya Manispaa ya ........
>
> YAH: OMBI LA KUPATIWA RATIBA NA AJENDA ZA MIKUTANO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Mtaa wa ........, Kata ya ......... Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa: (1) ratiba ya mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani kwa mwaka huu wa fedha, (2) ajenda ya mkutano ujao, (3) nakala ya sheria ndogo ya ada ya taka inayotumika sasa.
>
> Nipo tayari kulipia gharama za nakala. Naambatanisha nakala ya kitambulisho changu.

Peleka nakala mbili, masjala wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Bila muhuri huo, siku 30 huna pa kuanzia kuzihesabu. Omba vitu vichache vyenye majina. "Naomba taarifa zote za mtaa" ni ombi linaloishia kwenye droo.

Kwa nini ofisi nyingine hazijazoea maswali haya? Historia inachangia. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kupisha mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za miji zikarudi mwaka 1978, na sheria tunazotumia mpaka sasa zikatungwa mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kuwa kuzifuta halikuwa jambo zuri. Kwa miaka ile, habari ilikuwa inashuka kutoka juu, na mwananchi alikuwa wa kupokea. Mazoea hayo hayafi kwa sheria peke yake. Yanakufa watu wakizoea kuuliza na watumishi wakizoea kuulizwa.

Ukienda kikaoni

Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi kwa umma. Unaingia kama msikilizaji, unakaa sehemu ya wageni, unazima simu, husemi. Baraza linaweza kujigeuza kuwa kamati na wageni mkatolewa nje kwa muda. Usishangae wala usigombane. Vikao vya kamati za kudumu, kwa kawaida, si vya watazamaji.

Mkutano wa mtaa ni tofauti. Pale unanyoosha mkono na unasema. Wazee watakuangalia, maana "watoto wa chuo" tunajulikana kwa kupita tu. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda. Wapangaji tusipoonekana, michango itapangwa na wenye nyumba, kisha itaongezwa kwenye kodi yetu.

Basi wiki hii fanya vitu vitatu. Jua jina la mtaa, kata na diwani wako. Pita ofisi ya mtaa, piga picha ubao mzima. Halafu mwulize mtendaji tarehe ya mkutano ujao, uiandike kwenye simu yako hapo hapo mlangoni. Akikwambia haijapangwa, mwombe namba yake ya simu, na umpigie baada ya wiki mbili.